Mpira Hauchezwi kwa Ahadi: Mazungumzo juu ya Makisio ya Fedha za Ligi ya Mtaa

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mtunza hazina wa zamani wa ligi ya mtaa, mbele ya manahodha na wakubwa wa timu za vijana waliokutana Manyatta, Kisumu, kupanga mashindano yao ya mpira wa miguu. Tumeyachapa kwa kuwa twaona yatawafaa wengi walio mbali na Manyatta, ambao nao wana timu wala hawana fedha nyingi.)



Nimeombwa niseme juu ya fedha za mashindano. Najua ya kuwa jambo hili halina utamu kama mpira wenyewe. Nikisema juu ya magoli, wote mtasogea karibu. Nikisema juu ya hesabu, wengine mtaanza kutazama mlango. Walakini nawaomba mvumilie kidogo, maana nimeona kwa macho yangu mashindano mazuri yakifa, wala hayakuuawa na mvua, wala na ukosefu wa wachezaji hodari. Yaliuawa na ukosefu wa daftari moja na kalamu.

Nitawaeleza kisa changu mwenyewe, ingawa hakinipi sifa. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa watu watano, papa hapa Manyatta, tukaazimia kufanya mashindano ya timu 8. Bwana mmoja mwenye uwezo, ambaye sitamtaja jina, alituahidi shilingi 50,000. Tulifurahi mno. Juma lile lile tukamwagiza fundi kombe kubwa, tukakodi vipaza sauti na viti, tukawapikia wageni wa siku ya kufungua, na tukatangaza tangu Kondele hata Nyalenda ya kuwa mshindi atapewa shilingi 20,000. Fedha tulizozitumia zilikuwa za viingilio vya timu, ambazo vijana walikuwa wamezichanga shilingi hamsini hamsini. Tulijiambia, "Hizi tutazirudisha mahali pake, Bwana yule atakapoleta zake."

Bwana yule hakuleta. Sisemi alikuwa mwongo. Huenda mambo yake yaliharibika, kama yanavyoweza kumharibikia mtu yeyote. Lakini ilipofika juma la nne, marefa walikuwa hawajapata hata senti moja, nao wakaacha kuja. Akatafutwa mtazamaji mmoja ashike filimbi, naye alikuwa na ndugu yake katika timu mojawapo. Likaingia goli la kubishaniwa. Mawe yakaruka, na kijana wa miaka 17 akavunjwa mkono. Mashindano yakaishia hapo.

Usiku ule nahodha wa timu moja, kijana jirani yangu, alibisha mlangoni kwangu. Hakuja kwa ukali. Alisema, "Jaduong', hatusemi umekula. Twataka kujua tu, fedha zetu ziko wapi? Tuonyeshe daftari." Nami sikuwa na daftari. Nilikuwa na vipande vya karatasi mfukoni, na mengine kichwani. Mimi sikuchukua hata shilingi moja. Lakini mtu asiye na daftari na mtu aliyeiba hulijibu swali lile kwa namna moja, nao ni ukimya. Miaka miwili ilipita kabla kijana yule hajanisalimu tena njiani.

Ndiyo maana leo nasema nanyi juu ya makisio, ambayo siku hizi watu wengi huyaita bajeti. Makisio si jambo la serikali na makampuni peke yake. Ni kukaa chini kabla ya filimbi ya kwanza na kuandika: tutatumia nini, tutakipata wapi, na kama hatukukipata tutafanya nini. Wengi huanza na swali la pili. Huuliza kwanza, "Nani atatufadhili?" Nawaambia, anzeni na la kwanza, anzeni kwa kuhesabu michezo.

Timu 8 zikicheza ligi, kila moja na kila mwenzake mara moja, michezo ni 28. Zikicheza nyumbani na ugenini, michezo ni 56. Zikicheza kwa mtoano, anayeshindwa akatoka, michezo ni 7 tu. Mkizigawa katika makundi mawili ya timu 4, kisha wa kwanza wa kila kundi wakakutana katika fainali, michezo ni 13. Tazameni basi: timu ni zile zile 8, kiwanja ni kile kile, lakini gharama yaweza kuzidi mara nane kwa kuchagua namna ya kucheza. Mtu asiyehesabu michezo hajui anachonunua.

Tuseme mmechagua ligi ya michezo 28. Kila juma michezo 4, miwili Jumamosi na miwili Jumapili. Kwa majuma 7 ligi itakwisha. Nimeandika ubaoni makisio yake. Bei hizi ni za mfano tu. Ninyi mtaweka bei mtakazozikuta dukani na mtakazopatana na marefa wenyewe.

Marefa: refa shilingi 500, na wasaidizi wake wawili shilingi 300 kila mmoja, jumla 1,100 kwa mchezo, kwa michezo 28, shilingi 30,800.
Mipira 3, kwa shilingi 2,500 kila mmoja: shilingi 7,500.
Nyavu na kamba: shilingi 5,000.
Chokaa ya kupiga mistari, shilingi 500 kwa juma: shilingi 3,500.
Sanduku la dawa za huduma ya kwanza: shilingi 3,000.
Mhudumu wa majeruhi, siku 14 kwa shilingi 500: shilingi 7,000.
Barua, vibali, karatasi na simu: shilingi 3,000.
Kombe na zawadi: shilingi 15,000.
Jumla: shilingi 74,800.
Akiba ya dharura, fungu la kumi la jumla hiyo: shilingi 7,480.
Jumla kuu: shilingi 82,280.

Naona wengine mmeguna. Kweli, ni fedha nyingi kwa mtu mmoja. Lakini zigawanyeni. Kwa timu 8, kila timu ni shilingi 10,285. Kama timu ina wachezaji 20, kila mchezaji ni shilingi 514 na senti kidogo, kwa ligi nzima ya majuma 7. Haba na haba hujaza kibaba. Kila mchezaji akitoa shilingi 125 za kiingilio kabla ya kuanza, mtakuwa na shilingi 20,000, nazo zatosha kununua mipira, nyavu, sanduku la dawa na karatasi. Kisha kila juma akitoa shilingi 56, timu zote pamoja zitaleta shilingi 8,960. Marefa, chokaa na mhudumu wa juma moja watataka shilingi 5,900. Zitabaki 3,060 kila juma kwa ajili ya akiba na zawadi, na siku ya mwisho mtakuwa mmelipa kila mtu pasipo kumpigia mfadhili magoti.

Najua ya kuwa shilingi 56 si kitu cha kudharauliwa kwa kijana ambaye leo amepata kibarua na kesho hakupata. Kwa hiyo kila nahodha na aulize timu yake kwa ukweli, faraghani, nani aweza na nani hawezi. Mkiona haziwezekani, msilazimishe, punguzeni mashindano. Kwa mtoano, marefa watataka shilingi 7,700 badala ya 30,800. Kwa makundi mawili, shilingi 14,300. Ni afadhali mashindano madogo yaliyokwisha kwa amani kuliko makubwa yaliyovunjika katikati.

Sasa nitasema juu ya mambo manne katika orodha ile, kwa sababu hayo ndiyo watu huyafanyia mchezo.

La kwanza ni marefa. Mmeona ya kuwa fungu lao ndilo kubwa kuliko yote. Wengi hulipunguza ili waongeze zawadi. Hilo ni kosa. Watu wakimwamini refa, hata aliyefungwa hurudi nyumbani akiwa na uchungu tu. Wasipomwamini, hurudi akiwa na jiwe. Refa na alipwe siku ile ile, mbele ya manahodha wawili, na atie sahihi yake. Asipewe fedha na timu moja, hata kama ni nauli, maana nauli iliyotoka upande mmoja hutazamwa na upande wa pili kuwa ni rushwa.

La pili ni akiba. Ninyi mwaijua mvua ya Kisumu: asubuhi jua kali, alasiri wingu jeusi, na mara udongo mweusi unanasa viatu. Wenzetu wa Nairobi wana mashindano ya mtaani yaitwayo Koth Biro, na kila Mjaluo ajua maana ya jina hilo, "mvua yaja". Basi mvua yaja, nanyi mjiweke tayari. Mchezo ukivunjika, marefa waliokwisha kufika wanastahili haki yao, na siku ya kurudia watalipwa tena. Akiba ya shilingi 7,480 yatosha kurudia michezo 6. Mkiweza, acheni miezi ya mvua kubwa, tangu Machi hata Mei, kisha anzeni. Akiba isiguswe kwa chakula cha wageni, wala kwa vipaza sauti, wala kwa fulana za wakubwa.

La tatu ni majeruhi. Hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado twaiita Russia, haiko mbali nasi, na kwa hiyo watu husema sanduku la dawa ni la nini. Lakini damu haingoji tuktuk. Mhudumu aliyefundishwa, aliye na bendeji na glavu, na anayejua namna ya kumbeba aliyevunjika, ni lazima awepo kila siku ya mchezo. Tena iandikwe kabisa ni nani atalipa nauli ya kumpeleka mgonjwa, isije ikawa watu wanachangishana pembeni mwa kijana anayelia.

La nne ni zawadi. Zawadi isitangazwe mpaka fedha zake ziwe mkononi. Wahenga walituonya tusikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Kama fedha za zawadi hazikupatikana, iondoeni kabisa katika makisio pamoja na fungu lake la akiba. Jumla kuu itashuka hata shilingi 65,780. Vijana watacheza. Hapo zamani sisi tulicheza kwa ajili ya jina la mtaa tu, wala hakuna aliyetembea uwanjani kwa uvivu.

Sasa na tuzungumze juu ya wafadhili, maana sipendi mfikiri ya kuwa nawachukia. Mfadhili ni mgeni wa heshima. Lakini nyumba haijengwi kwa kutumaini mgeni. Gawanyeni ukurasa wa mapato katika sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza andikeni fedha zilizo mkononi. Katika ya pili, fedha zilizoahidiwa kwa barua yenye sahihi na tarehe. Katika ya tatu, fedha zinazotumainiwa, yaani zile za maneno ya mdomo. Kisha shikeni sheria moja: hakuna kununua kitu ila kwa fedha za sehemu ya kwanza. Shilingi 50,000 za Bwana yule zilikuwa katika sehemu ya tatu, nasi tulizitumia kama kwamba zilikuwa katika ya kwanza. Hilo ndilo kosa letu lote, wala halikuwa lake.

Majuma mawili kabla ya kuanza, kamati na ikutane na itazame sehemu ile ya kwanza. Kama haitoshi kununua vifaa na kuwalipa marefa wa mwanzo, na kama timu hazijakubali kwa sahihi michango ya kila juma, badilisheni mpango siku hiyo hiyo. Mfadhili akija baadaye, mpeni kazi ambayo asipoitimiza mpira hautasimama: jezi, au nyongeza ya zawadi. Marefa, mipira na dawa, jilipieni wenyewe.

Historia ya mpira wa nchi zetu yatufundisha jambo hilo. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji sabuni aliyelitoa. Baadaye Tanganyika na Unguja nazo zikaingia. Kombe hilo lilishindaniwa hata mwaka 1966. Jina la mtoaji likaondoka, lakini mashindano hayakufa. Yaliendelea kwa jina jingine, na leo twayajua kuwa ni mashindano ya CECAFA. Yaliendelea kwa kuwa nchi zenyewe zilikuwa na vyama vya kuyabeba. Mtoa kombe akiondoka, ni nani atabaki ameshika mpira? Hilo ndilo swali la kujiuliza Manyatta.

Tena, si kila kitu katika makisio ni fedha. Kufyeka nyasi, kuziba mashimo, kusimamisha milingoti ya goli, hizo ni kazi za mikono yetu. Ziandikeni katika daftari pamoja na jina la timu itakayozifanya na siku yake. Katika mtaa wa Mathare, Nairobi, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kwa jina la MYSA. Chama hicho kiliweka kanuni ya kuwa timu ipate pointi katika ligi si kwa ushindi wa uwanjani tu, bali pia kwa kusafisha mtaa. Jasho likahesabiwa pamoja na magoli. Nasi tunayo mitaro iliyojaa takataka, nayo mvua ikinyesha hufurika njiani. Timu isiyo na fedha za juma hili yaweza kulipa kwa jembe na toroli, maadamu kamati imekubali mapema na imeandika.

Kama mtachezea kiwanja cha shule, mwandikieni mwalimu mkuu barua, mwambieni siku na saa, nanyi mkirudishe kikiwa safi kuliko mlivyokikuta. Uwanja wetu hauna ukuta; kwa hiyo msiandike hata shilingi moja ya kiingilio cha watazamaji, maana hamna mlango wa kuwazuia. Na akina mama wauzao njugu na miwa pembeni msiwatoze ushuru wa kuwafukuza. Wao huleta watu, na watoto wa wengi wao ndio wachezaji wetu.

Sasa neno la mwisho, juu ya daftari. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza katika Kenya, mambo ya kuchanga yamekuwa mepesi. Kila malipo huacha ujumbe wenye tarehe na kiasi. Hiyo ni baraka. Lakini fedha zikikaa katika simu ya mtu mmoja, zimekaa katika mfuko wake, na siku mtoto wake akiugua usiku atazitumia, huku akikusudia kuzirudisha. Msimtie mwenzenu katika jaribu hilo. Zikusanywe kwa simu, kisha ziwekwe katika akaunti ya chama inayotaka sahihi za watu zaidi ya mmoja. Kwa sheria ya michezo ya mwaka 2013, chama cha michezo chapasa kuandikishwa kwa Msajili wa Michezo. Jambo hilo msiliogope, maana chama kilichoandikishwa ndicho kiwezacho kufungua akaunti na kumwandikia mfadhili barua ya heshima.

Mtunza hazina aandike siku ile ile kila kilichoingia na kila kilichotoka, na kila stakabadhi aibandike. Kisha kila Jumamosi, kabla ya mchezo wa kwanza, asimame mbele ya manahodha wote 8 asome: tulikuwa na kiasi hiki, tumepata hiki, tumetumia hiki, zimebaki hizi. Haichukui dakika tano. Anayetaka kuuliza na aulize pale pale, mchana kweupe, wala asingoje kubisha mlango wa mtu usiku.

Vijana wangu, wengi wenu mwaota kuvaa jezi ya Gor Mahia, timu iliyoundwa mwaka 1968 na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Ni ndoto njema. Lakini katika kiwanja kile cha vumbi, mmoja katika mia ndiye atakayefika huko, na waliobaki wote mtaendelea kuwa majirani. Mtaoana, mtazikana, mtakopeshana chumvi. Ligi ikivunjika kwa ajili ya fedha, hampotezi kombe tu. Mwapoteza salamu za njiani, nami najua uzito wake.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari ninalo hapa mkononi; nimelinunua kwa shilingi zangu, nalo halijaandikwa kitu. Nitalikabidhi kwa mtunza hazina mtakayemchagua jioni hii. Ukurasa wa kwanza uandikeni kabla hamjaondoka.